Sanduku la mwalimu mshairi: msichome, msigawe

Swali la msomaji wa Kirumba, Mwanza:

"Shikamoo mtaalamu. Babu yangu mzaa mama alizaliwa Mombasa, akaja Mwanza kabla ya uhuru akiwa kijana. Alifundisha shule za msingi, kisha madarasa ya watu wazima mpaka akastaafu, na muda wote huo alikuwa mshairi. Alifariki mwaka jana. Katika nyumba yake kuna masanduku ya bati na maboksi: madaftari ya mashairi, barua, maandalio ya masomo, stakabadhi, magazeti, kaseti, na karatasi za herufi za Kiarabu ambazo hapa nyumbani hakuna anayezisoma. Mtafiti mmoja wa chuo kikuu ameomba apewe madaftari ya mashairi tu. Nyumba inauzwa. Wajomba wanasema msomi apewe madaftari, makaratasi mengine yachomwe. Nimekutumia picha chache. Nifanye nini, na vitu hivi vipelekwe wapi?"

Jibu:

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Nianze na la haraka. Mwombe mama yako aongee na kaka zake leo, si kesho: wasichome karatasi hata moja, na wasimkabidhi mtu yeyote kitu chochote, hata huyo msomi mwenye nia njema. Mengine yote nitakayokuandikia yanaweza kusubiri wiki mbili tatu.

Sasa sababu. Nimezitazama picha zako kwa makini, na moja ndiyo iliyonifanya nikuandikie kirefu. Ni ile ya karatasi iliyokunjwa mara mbili. Upande mmoja ni fomu ya mahudhurio ya darasa la nne, imetolewa kwa saiklostaili, ina majina ya wanafunzi na safu za alama za waliofika na wasiofika, na juu kabisa imeandikwa Machi 1964. Upande wa pili kuna beti tatu kwa wino wa buluu. Chini ya kila mstari babu yako ameweka vitone vya penseli, kimoja kwa kila mizani, nane kwa nane. Kisha amejisahihisha kwa wino mwekundu, bila shaka kalamu ile ile ya kusahihishia madaftari ya wanafunzi. Mstari wa kwanza wa ubeti wa pili hapo awali ulisomeka: "Mji wa mawe na maji, nimekuja nitarudi." Wino mwekundu umelikata neno la mwisho, na juu yake pameandikwa "nikakaa".

Anayetunga anajua gharama ya badiliko hilo. Ukigusa kina cha mwisho cha mstari wa kwanza umevunja ubeti mzima, kwa sababu mistari inayofuata nayo lazima igeuke. Na babu yako aliigeuza: mistari miwili ya chini imepigwa mstari yote, mipya imeandikwa ubavuni, imebanana hadi mwandiko unagota kwenye ukingo wa karatasi. Hiyo ni kazi ya mtu aliyekaa na jambo moja kwa muda mrefu.

Mtafiti akichukua madaftari peke yake, atakuta shairi limeshanakiliwa safi, lina "nikakaa" na vina vyake vimetulia. "Nitarudi" hataiona. Na hata mkimwongezea karatasi hii, akaipiga picha upande wa beti tu, tarehe itakuwa imebaki nyuma, kwenye orodha ya watoto. Angalia pia tarehe hiyo inatuambia nini hasa. Walimu wa zamani walitunza fomu zilizobaki wakaziandikia upande mweupe kwa miaka. Kwa hiyo Machi 1964 inatuhakikishia kwamba rasimu hii si ya kabla ya mwezi huo, basi. Nisingekimbilia kusema kwamba siku aliyoandika "nikakaa" ndiyo siku aliyoamua kuwa mtu wa Mwanza. Huenda vina vya "di" vilimkwamisha tu, hutokea. Kitakachotusogeza karibu na jibu ni vile vitu ambavyo wajomba wanaviona takataka: ombi la uraia kama lipo, risiti ya kiwanja cha Kirumba, barua ya nyumbani ya mwaka huo, bahasha yenye muhuri wa posta.

Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya kazi yetu ya kutunza nyaraka ni kutoutawanya mkusanyo wa mtu mmoja, na ya pili ni kutoupanga upya kabla hujaelewa mwenyewe aliupangaje. Babu yako alikuwa mshairi, mwalimu na mgeni aliyehamia, na alikuwa hayo matatu kwenye karatasi ile ile moja. Kama alifunga kamba kuzunguka barua nne, daftari moja na tiketi, kuna jambo lililoviunganisha kichwani mwake. Ukizitenga ili barua zikae na barua, hakuna atakayelijua tena.

Katika sanduku kama hili, upande wa uhamiaji ndio ambao familia nyingi huupoteza kwanza, kwa sababu makaratasi yake hayana sura ya maana. Fikiria safari yenyewe. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za ziwani ziliunganisha Kisumu na Mwanza. Reli ya Tabora kuja Mwanza ilikamilika mwaka 1928. Kijana wa Mombasa aliyekuja kufundisha huku kabla ya uhuru angeweza kufika akiwa amelala treni na meli bila kugusa barabara. Kipande cha tiketi kinaweza kukuonyesha alipita wapi. Halafu siasa: Mombasa ilikuwa sehemu ya ukanda wa pwani uliohesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar mpaka Desemba 1963, na Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, mtu aliyezaliwa nje kwa kawaida hakuwa raia papo hapo, ilimbidi aombe. Kwa walimu wengi wa asili ya pwani ya Kenya hilo halikuwa jambo dogo. Tafuta fomu, picha za pasipoti, barua za serikali, hata rasimu ya barua aliyoandika akaacha kuituma.

Kisha tafuta kwa makini zaidi barua za kuanzia 1977 hadi 1983. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya Februari mwaka huo, ukafunguliwa tena Novemba 1983. Kwa mtu mwenye mama, ndugu na makaburi yake Mombasa, hiyo ni miaka karibu saba. Je, barua zilipungua? Zilipitia mkononi mwa nani? Kuna taarifa ya msiba ambao hakuweza kuuzika? Zilinganishe na mashairi ya miaka hiyo. Ninaamini hapo ndipo mtafiti mzuri atakapopata kitabu chake, na hawezi kukipata akiwa na madaftari peke yake.

Babu yako si mshairi pekee wa Mombasa aliyeiandikia nyumbani kutoka mbali. Abdilatif Abdalla alitunga mashairi yake katika gereza la Kamiti, kati ya 1969 na 1972, akiyaandika kwenye karatasi za chooni, yakachapishwa mwaka 1973. Alipotoka kifungoni alihamia Dar es Salaam akafanya kazi ya Kiswahili chuo kikuu, akaenda London, na baadaye akafundisha miaka mingi Leipzig. Namtaja kwa sababu kila anayeyasoma mashairi yale hutaka kujua yaliandikwa juu ya nini. Karatasi yenyewe ni sehemu ya habari. Fomu ya mahudhurio nayo ni hivyo hivyo.

Nije kwenye ualimu, na hapa nitasema jambo ambalo huenda halitampendeza msomi wenu. Kama moto ungekuwa umeshaingia sebuleni na nina mikono miwili tu, ningetoa maandalio ya masomo kabla ya madaftari safi ya mashairi. Shairi la mtu aliyekuwa akipeleka kazi zake magazetini lina nafasi ya kupatikana kwingine. Gazeti la Mambo Leo lilikuwa na ukurasa wa washairi tangu miaka ya 1920, na baada yake magazeti kadhaa ya Kiswahili yaliendelea hivyo, na maktaba zina nakala. Andalio la somo la mwalimu wa Mwanza wa mwaka 1970 liko moja tu duniani, na liko kwenye boksi lenu.

Na mwaka huo si mwaka wa kawaida. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Tayari tangu 1968 mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO, ulikuwa ukiendeshwa mikoa ya ziwa, na makao yake yalikuwa Mwanza. Watu walijifunza kusoma kupitia kazi zao: wakulima wa pamba walisoma pamba, wavuvi walisoma samaki, wafugaji ng'ombe. Vitabu vya mradi vimetunzwa mahali mahali, ripoti za wataalamu zipo. Kilicho adimu ni sauti ya mwalimu aliyesimama mbele ya darasa jioni, taa ya chemli mezani, akaona kwamba mvuvi wa makamo hashiki silabi aliyopangiwa na kitabu, akambadilishia mfano. Mambo hayo huandikwa pembeni mwa andalio la somo: "hawakuelewa, rudia kesho". Mkiona maneno ya aina hiyo, jueni mna dhahabu.

Kuna na ngonjera. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mathias Mnyampala aliisukuma sana fani hii, na walimu wakaipeleka mashuleni: watoto wawili wanajibizana kwa beti mbele ya wazazi na mgeni rasmi. Mwalimu mshairi angeombwa ngonjera kila sherehe, na huenda babu yako alitunga za Saba Saba, za siku ya wazazi, za kumuaga mwalimu mkuu. Wengine huzidharau kwamba ni kazi za kuagizwa. Mimi nasema zihifadhiwe zote, na majina ya watoto waliozisema, kwa sababu baadhi yao leo ni wazee wa hapo hapo Ilemela na Nyamagana, na bado wanazijua kwa moyo. Nenda kawarekodi.

Karatasi za herufi za Kiarabu ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Najua Waislamu wengi, wakikuta karatasi chakavu yenye aya, huizika au kuichoma kwa heshima ili isikanyagwe. Ni adabu nzuri, na nadhani ndiyo iliyo nyuma ya neno "yachomwe" la wajomba zako, wala siwalaumu. Lakini mtu wa Mombasa wa kizazi chake aliyepita chuoni, yaani madrasa, aliweza kuandika Kiswahili kwa herufi hizo hizo, na kwa asiyesoma, barua ya mapenzi na aya ya Qurani zinafanana. Katika picha yako ya tano, kila mstari umekatwa katikati kwa alama ndogo, na vipande vinalingana urefu kuanzia juu hadi chini. Huo ni mpangilio wa shairi. Hiyo si aya.

Mtafuteni msomaji, na msimchukue yeyote tu anayejua Kiarabu. Katika maandishi ya zamani ya Kiswahili kwa herufi hizi, herufi moja hubeba p na b, alama moja hubeba e na i, nyingine o na u, na n au m inayotangulia konsonanti mara nyingi haiandikwi kabisa. Ni msomaji anayejua Kiswahili cha Mvita, lahaja ya Mombasa, na kanuni za mizani na vina ndiye anayeweza kuamua neno ni lipi. Mzee wa asili ya pwani, mwenye chuo na mwenye masikio ya ushairi, atafaa zaidi ya mhitimu mwenye cheti. Mkae naye, asome kwa sauti, mrekodi kwa simu, kisha mwandike. Akisoma "nti" andikeni "nti", msimgeuzie kuwa "nchi". Lahaja ni mali ya mshairi. Karatasi ambazo msomaji atathibitisha kuwa ni aya zilizonakiliwa tu, hizo mzitendee kama imamu wenu atakavyoshauri.

Kwa nini navutana na msomi juu ya madaftari? Tazama ya Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mombasa aliyefariki takriban mwaka 1840. Mengi tuliyonayo yamebaki kwa sababu mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya kutoka vinywani na kuyaandika, akifanya kazi pamoja na mmisionari W. E. Taylor. William Hichens aliyachapisha mwaka 1940, na sehemu kubwa ya karatasi hizo iko katika maktaba ya chuo cha SOAS, London. Msomaji wa leo anaweza kufuata mengi ya mashairi yale kwa sababu Sikujua hakukusanya beti peke yake. Alikusanya na habari zake: hili lilimjibu nani, lile lilitokana na ugomvi gani. Katika nyumba ya Kirumba habari hizo tayari ziko ndani ya masanduku. Hazihitaji Sikujua, zinahitaji tu zisichomwe.

Na ng'ambo ya maji, Ukerewe, mnaye Aniceti Kitereza, aliyemaliza riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945, nayo ikatoka kwa Kiswahili, kwa tafsiri yake mwenyewe, mwaka 1980. Mwaka uliofuata alifariki. Kwa miaka 35 kazi ile ilikuwa rundo la karatasi tu.

Sasa mikono. Kwanza, toeni kila kitu kwenye masanduku ya bati. Bati linapashwa joto mchana na kutoa jasho usiku, na kutu yake inakula karatasi. Lakini kabla hamjatoa, piga picha kila sanduku lilivyo, kutoka juu, na kila tabaka unapoinua. Andika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi: sanduku la kwanza, fungu la tatu, lilikuwa limefungwa kwa kamba ya katani. Fungu liingie kwenye bahasha yake, bahasha ziingie kwenye boksi gumu la katoni, boksi likae juu ya ubao au meza, mbali na ukuta wa nje. Mchwa wa Mwanza huja kwa ukutani na sakafuni, na udongo wao utauona mapema ukiacha nafasi ya kuona. Bahasha za kaki zina tindikali, ila kwa miezi michache hazitaleta madhara makubwa. Kati ya karatasi dhaifu weka karatasi nyeupe ya fotokopi.

Msifunge kitu kwenye mifuko ya nailoni mkakiacha humo, unyevu utazaa ukungu. Penye ukungu, tandazeni kivulini penye upepo, si juani, na mpanguse kwa brashi laini mkiwa nje na barakoa usoni. Msipulizie dawa ya mende juu ya karatasi. Msibandike selotepu popote: miaka michache baadaye gundi yake hugeuka kahawia na kula wino. Pini za stepla zilizoota kutu zitoeni taratibu kwa kuzinyoosha miguu kwanza. Halafu, nakusihi, usipeleke kitu chochote steshenari kikalaminetiwe. Najua ndivyo tunavyotunza vyeti, na kijana wa dukani atakwambia ndiyo usalama. Joto la mashine ile huunguza wino wa zamani, na karatasi haitoki tena humo.

Kaseti msizijaribu kwenye redio ya zamani ili "kusikia kama zipo". Redio mbovu hutafuna utepe mara moja tu, na imekwisha. Zisimamisheni kama vitabu, mbali na spika, mpaka mpate mtu mwenye deki nzuri wa kuzihamishia kwenye kompyuta mara ya kwanza zinapochezwa.

Kupiga picha ni kazi utakayoifanya wewe, na simu yako inatosha. Karatasi mezani barazani, mwanga wa asubuhi bila jua la moja kwa moja, bila flashi, simu sambamba na karatasi. Piga pande zote mbili za kila karatasi, hata upande mweupe, umeshaona kwa nini. Majina ya mafaili yafuate sanduku, fungu na ukurasa, kwa mfano S1_F03_007. Usiyabadilishe jina kuwa "shairi zuri la babu". Ukiwatumia ndugu kwa WhatsApp, zitume kama faili, si kama picha, la sivyo programu itazipunguza ubora. Weka nakala kwenye diski ya nje, nyingine kwa mama yako, nyingine mtandaoni. Picha hizi hazichukui nafasi ya karatasi, ila zitakuwezesha kulala usingizi nyumba inapohamwa.

Upande wa sheria, tenganisha mambo mawili. Karatasi zenyewe ni mali ya mirathi. Wewe ni mjukuu. Wenye sauti ni mama yako, wajomba na warithi wengine, kupitia msimamizi wa mirathi. Basi makubaliano yoyote yawe kwa maandishi na yabebe saini zao. Jambo la pili ni haki ya maneno. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, haki katika mashairi ya babu yako inaendelea miaka 50 baada ya kufariki kwake, na iko kwa warithi. Kumpa mtu daftari hakumpi ruhusa ya kulichapisha, na kumpa taasisi karatasi hakumaanishi mmeipa hakimiliki, isipokuwa mmeandika hivyo. Barua alizoandikiwa ni zake kama karatasi, lakini maneno ni ya waliomwandikia. Na kuna siri za watu: mwanafunzi aliyeadhibiwa kwa wizi mwaka 1972 anaweza kuwa mzee wa msikiti leo. Mnaruhusiwa kuomba mafungu fulani yafungwe kwa miaka mtakayokubaliana, na taasisi makini itakubali bila ubishi.

Wapi sasa. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapo hapo Mwanza. Anzieni huko, hata kwa ushauri tu, kwa sababu ni karibu na wajomba wanaweza kwenda kuona kwa macho yao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyo mkubwa wa miswada ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mingi ikiwa imekusanywa miaka ya 1960 chini ya J. W. T. Allen, na orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Kwa karatasi zile pekee, hapo ndipo kwenye wasomaji. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kiko Malimbe, mwendo wa daladala. Makumbusho ya Bujora, Kisesa, yaliyoanzishwa na Padri David Clement, yanajua kazi ya kutunza, ila shabaha yake ni utamaduni wa Wasukuma na nadhani mkusanyo wenu ungekuwa mgeni pale.

Ushauri wangu, ukiniuliza kwa moyo mmoja: mkusanyo mzima uende taasisi moja ya hapa Tanzania, na ubaki mzima. Kama taasisi itasema inataka mashairi tu au barua tu, ishukuruni na mwende nyingine. Kabla ya saini ulizeni: chumba cha kutunzia kina umeme wa uhakika na hakivuji? Orodha itatengenezwa lini, na nakala yake mtapewa? Familia itaruhusiwa kuingia na kusoma bila malipo? Nakala za picha zitarudi Mwanza? Jibu la "tutaona" lisikuridhishe.

Mkusanyo huu una nusu nyingine, nayo iko Mombasa. Barua alizopokea mnazo. Alizoandika ziko kwenye makabati ya ndugu zake, kama nao hawajaanza kusafisha nyumba. Mwombe mama yako apige simu kwa yule shangazi au binamu mkubwa kuliko wote aliyebaki, wiki hii, aulize kama kuna barua za Mwanza, na awaombe wasitupe. Ninyi mtawatumia picha za barua zao, wao wawatumie za babu. Hakuna haja ya kuzisafirisha karatasi zenyewe.

Huyo mtafiti mwandikie kwa heshima. Mwambie familia imefurahi kwamba kazi ya mzee inathaminiwa, kwamba madaftari hayatatoka nyumbani wala kuazimwa, na kwamba mara picha zitakapokamilika atakaribishwa kuzisoma zote pamoja na barua na maandalio, kwa sharti kwamba hatachapisha bila ruhusa ya maandishi ya warithi. Mwombe pia akusaidie kupata msomaji wa herufi za Kiarabu. Akiwa msomi wa kweli, atafurahi kuona mlango umefunguliwa kwa upana kuliko alivyoomba. Nitumie picha ya tano tena, pande zote mbili, na ile ya karatasi iliyokunjwa nyoosha kona ya juu kushoto. Kuna herufi mbili pale, huenda ni za jina la shule, sijaweza kuzisoma.